Ruti Iliyoishia Njia Panda: Kisa cha Daladala katika Kata ya Pembezoni, Dodoma

Kuhusu kisa hiki

Mambo haya yalitokea katika kata moja ya pembezoni mwa Jiji la Dodoma, kuanzia katikati ya 2023 hadi mwanzoni mwa 2025. Majina ya kata, ya mitaa yake, ya watu na ya vyama vya madereva nimeyaondoa. Alama chache za mahali nazo nimezibadilisha ili pasitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi nimeviacha vilivyo. Nilikuwa kwenye vikao vingi nikiandika mihtasari ya kamati ya kata, kwa hiyo ninayoyaeleza mengi niliyasikia yakisemwa na wahusika wenyewe.

Nawaandikia hasa madiwani, watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa. Hao ndio wanaogongewa mlango usiku na mzazi ambaye mtoto wake amechelewa kurudi kutoka shule, ilhali si wao wanaotoa leseni ya gari, wala kuchonga barabara, wala kuchora ramani ya viwanja.

Mji na kata yenyewe

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati ya sensa hizo mbili kuna tangazo la Julai 2016 la Serikali kuhamia Dodoma, kuvunjwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, Mei 2017, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mji wa Serikali ukaanza kujengwa Mtumba, upande wa mashariki kwenye barabara ya Morogoro. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ikahamia Nanenane, na jirani yake likajengwa soko la Job Ndugai. Ajira, masoko na safari vikatawanyika kutoka eneo la zamani la Jamatini, Majengo na Sabasaba, kwenda pande ambazo miaka michache nyuma zilikuwa pori na mashamba.

Kata hii ni mojawapo ya pande hizo. Ilikuwa ya mtama, uwele na zabibu, nyumba zikiwa mbalimbali, wenyeji wengi Wagogo. Viwanja vilipopimwa, wenye mashamba walipata fidia, wengine wakaachiwa sehemu ya viwanja. Waliokuja kununua ni watumishi wa umma, wafanyabiashara wa sokoni, wastaafu na mafundi. Watumishi wengi walijenga wakapangisha, kwa hiyo waliohamia hasa ni wapangaji, watu wasio na gari.

Kutoka barabara ya lami hadi mwisho wa makazi ni kilomita chache za udongo wa kichanga. Katikati kuna korongo. Mwaka mwingi korongo hilo ni kavu kabisa, na mgeni anaweza kulivuka bila kujua kwamba amevuka kitu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua yake ingawa si nyingi kwa mwaka hunyesha kwa nguvu ndani ya saa chache. Siku hizo korongo hushuka maji mekundu na kata inakatika vipande viwili.

Tatizo lilivyoanza kusemwa

Ruti ilikuwepo. Hilo ndilo lililowakera watu. Kwenye leseni za Hiace kadhaa iliandikwa safari ya kutoka mjini hadi mwisho wa makazi, na jina la mwisho wa ruti limechorwa ubavuni mwa gari. Lakini gari zilifika njia panda ya lami, konda akagonga bati, akatangaza "mwisho wa gari", abiria wakashuka. Mbele ya hapo ni bajaji, bodaboda au miguu.

Kukatisha ruti si jambo geni kwa mtu yeyote aliyepanda daladala Tanzania. Hapa lilikuwa na uzito wake. Mama anayeuza nyanya Majengo alilipa nauli ya daladala, kisha bajaji kwa ajili ya tenga, na jioni vivyo hivyo. Mwanafunzi wa sekondari, ambaye nauli yake kwenye daladala ilikuwa shilingi 200, alipofika njia panda hakuwa na nauli ya mwanafunzi tena, kwa sababu bajaji na bodaboda hazina. Alitembea. Msichana wa kidato cha tatu aliyetoka darasa la jioni alipita korongoni gizani. Wazazi waliposimama kwenye mkutano wa mtaa hawakuanza na habari za nauli, walianza na hilo la gizani.

Uamuzi wa kwanza: kukamata

Malalamiko yalipofika kwa diwani, yeye aliyapeleka panapohusika, na jibu la kwanza likawa lile ambalo ni rahisi kutoa: operesheni. Kwa siku kadhaa trafiki na maofisa wa leseni walisimama njia panda asubuhi, na gari zilizogeuza pale zikaandikiwa faini.

Sababu ya uamuzi huo haikuwa mbaya. Leseni ni ahadi. Mwenye gari ameomba ruti, amepewa, basi aitumikie yote. Wananchi nao walifurahi, siku ya kwanza gari zilifika mwisho wa makazi na watoto wakapanda.

Wiki iliyofuata gari zilipungua. Madereva waliona hesabu, yaani kiasi anachodai mwenye gari kila siku, haitoki, baadhi wakaegesha saa za operesheni, wengine wakapakia upande mwingine kabisa wa mji kwa kuviziavizia. Wenye gari wawili waliomba kubadilishiwa ruti. Operesheni ilipoisha, kata ilikuwa na gari chache kuliko kabla ya kulalamika, na hata zile zilizobaki zikarudi kugeuza palepale.

Uamuzi wa pili: kuhesabu kabla ya kubishana

Mtendaji wa kata ndiye aliyebadilisha mwelekeo. Aliitisha kikao kikubwa kuliko Kamati ya Maendeleo ya Kata ya kawaida: wenyeviti wa mitaa, madereva, makonda, viongozi wa chama cha bajaji, walimu wakuu, na wachuuzi wa sokoni. Kikao cha kwanza kilikuwa vurugu. Kila mwamba ngoma alivutia kwake. Madereva walisema abiria hakuna, wananchi wakasema tupo wengi, bajaji wakasema daladala zikiingia ndani wao watakula nini.

Mwalimu mmoja akatoa pendekezo ambalo kwangu ndilo lililookoa kisa chote. Wahesabiwe abiria. Vijana waliomaliza kidato cha nne na waliokuwa nyumbani wakapewa madaftari, wakakaa njia panda na mwisho wa ruti wiki nzima kwa zamu, kuanzia alfajiri hadi usiku. Waliandika saa, gari, walioshuka, waliopanda, waliopanda bajaji, waliotembea. Wanafunzi waliandikwa safu yao peke yao.

Madaftari yalionyesha kwamba pande zote mbili zilisema kweli. Alfajiri hadi kama saa mbili asubuhi abiria walifurika kuelekea mjini. Jioni kuanzia saa kumi walifurika kurudi. Lakini gari iliyojaa asubuhi kwenda mjini ilirudi tupu, na kati ya saa nne na saa nane mchana kilomita za ndani zilikuwa na abiria wachache mno. Kingine ambacho hakuna aliyekisema kikaonekana: sehemu kubwa ya watumishi haikuwepo kwenye hesabu. Walichukuliwa na mabasi ya ofisi zao kutoka barabara ya lami. Wale ambao wangeijaza daladala kwa uhakika kila siku ya kazi walikuwa wameshaondoka sokoni.

Hapo ndipo hesabu ya gari ikajadiliwa wazi. Dereva wa daladala mara nyingi hana mshahara. Mwenye gari anataka kiasi kile kile kila jioni, mafuta ni ya dereva, na kinachobaki ndicho anachogawana na konda wake. Kwa mpangilio huo, safari moja tupu ya mchana hadi mwisho wa ruti inatoka kwenye sahani ya dereva. Ukimkamata unamtoza mtu ambaye hakupanga bei ya hesabu, na aliyeipanga yuko nyumbani kwake.

Kamati ikaamua kikao kijacho waitwe wenye gari. Walikuja wachache, na mmoja wao alikuwa mkazi wa kata hiyohiyo. Jambo hilo lilisaidia sana, kwa kuwa alikuwa na mtoto anayesoma upande wa pili wa korongo.

Uamuzi wa tatu: zamu

Makubaliano yaliyoandikwa kwenye muhtasari yalikuwa haya. Asubuhi na jioni, saa za msongamano, kila gari ya ruti inafika mwisho bila kisingizio. Mchana gari zinakwenda ndani kwa zamu, nyingine zinageuza njia panda. Gari iliyo zamuni, mwenye gari anaipunguzia hesabu ya siku hiyo. Bajaji zinabaki na kazi ya mchana kutoka njia panda, kwa nauli ya kichwa iliyopangwa na kubandikwa, na si kwa kukodi bajaji nzima. Mwanafunzi mwenye sare hakataliwi kwenye gari la asubuhi. Walimu walikubali kusimama kituoni kwa zamu na kuwapanga watoto, ili konda asiwaone kama kundi linaloziba mlango.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya uhalali. Ofisa mmoja alisema waziwazi kwamba huwezi kukaa kwenye kikao cha kata ukaruhusu gari kufanya nusu ya ruti iliyo kwenye leseni. Alikuwa sahihi. Mtendaji naye akajibu kwamba leseni inayotekelezwa yote kwa karatasi na haitekelezwi barabarani haimfikishi mtu nyumbani. Wakamaliza kwa kukubaliana kwamba makubaliano yawe ya majaribio, na barua iandikwe ili masharti ya zamu yaingizwe rasmi kwenye leseni zitakapohuishwa. Barua iliandikwa. Nitarudi kwenye barua hiyo.

Mahali pa kugeuzia

Gari ikifika mwisho wa ruti inahitaji pa kugeuza, pa kusubiri na pa kushushia. Ni ardhi ndogo tu, lakini bila hiyo dereva anageuza mbele ya geti la mtu, anagombana, siku ya tatu haji.

Mwenyekiti wa mtaa alikumbuka kwamba walipooneshwa mchoro wa mipango miji wakati wa upimaji, palikuwa na eneo la kituo cha daladala. Ofisini mchoro ukapatikana, na kituo kipo, kimepakwa rangi yake, upande wa barabara pana. Wakaenda uwanjani na kukuta ukuta wa tofali, geti la chuma, na nyumba imefika lenta. Eneo lilikuwa limebadilishwa matumizi na kugawanywa viwanja vya makazi. Mwenye nyumba alikuwa na hati halali, alilipia, wala hakuwa amemnyang'anya mtu yeyote.

Baadhi ya wananchi walitaka ukuta uvunjwe. Kamati ilikataa, na naona ilifanya vema. Mgogoro wa ardhi ungechukua miaka, ungemwumiza mtu ambaye kosa si lake, na daladala ingeendelea kuishia njia panda muda wote huo. Wakachagua kiwanja cha ofisi ya mtaa, karibu na zahanati. Palikuwa na magenge matatu ya mboga na mama mmoja wa chapati, wakasogezwa pembeni lakini ndani ya eneo lilelile, wakielekea gari. Wakafurahi baadaye, ingawa siku ya kuhamishwa hawakufurahi hata kidogo.

Korongo

Zamu ilianza kiangazi cha 2023, ikaenda vizuri. Kila aliyekuwepo alijua adui anayekuja.

Barabara ya ndani iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini ambazo awali zilikuwa mikononi mwa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Kalvati ambalo halikuwa kwenye mpango wa mwaka ule haliwezi kuchipuka Agosti kwa sababu kata imeamka. Wananchi wakachanga, wakaleta mawe na lori kadhaa za moramu, wakatengeneza kivuko chao.

Msimu wa 2023/24 ulikuwa wa El Nino. Mvua kubwa ya kwanza ilichukua kivuko chote. Gari zikarudi kuishia njia panda, safari hii kwa sababu isiyopingika. Desemba hiyohiyo nauli mpya za daladala zikaanza kutumika nchini, na abiria wengi wakaona heri watembee kuliko kulipia na bajaji ya mzunguko mrefu. Kwa miezi ya masika ruti ilikufa.

Katika miezi hiyo diwani alifanya kazi ambayo haikupigiwa makofi na mtu. Aliyachukua madaftari ya vijana, akapiga picha za korongo likiwa limejaa, akaambatanisha na barua ya mwalimu mkuu kuhusu utoro wa siku za mvua, akayapeleka wakati bajeti ya mwaka uliofuata bado inaandaliwa. Kalvati likaingia kwenye mpango na likajengwa kiangazi cha 2024. Ombi hilohilo lilikuwa limepelekwa mara kadhaa miaka ya nyuma, kwa mdomo, na mara nyingi mvua ikiwa imeshanyesha, bajeti imeshafungwa.

Matokeo

Hadi mwanzoni mwa 2025 hali ilikuwa hivi. Gari za asubuhi zinafika mwisho wa ruti, na wanafunzi wanapanda. Hili limesimama imara kuliko mengine yote. Mchana bajaji za kichwa zinafanya kazi kwa bei iliyobandikwa, na chama cha bajaji kimekuwa mlinzi mkali wa utaratibu huo kuliko kamati yenyewe. Jioni gari zinafika hadi giza linapoingia, baada ya hapo zinageuza njia panda. Msichana anayetoka masomo ya jioni bado anashuka kwenye lami, ingawa sasa anapita juu ya kalvati.

Zamu ya mchana ya daladala haikudumu. Ilidhoofika baada ya treni ya SGR kuanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, kwa sababu gari kadhaa zilipata biashara nzuri zaidi ya kusubiri abiria wa treni. Ikazikwa na lile suala la barua. Masharti ya zamu hayakuingia kwenye leseni. Ofisa aliyeyafahamu alihamishwa, aliyekuja akakuta leseni zinasema jambo moja na barabara inasema jingine, akawaandikia faini madereva waliokuwa wakifuata makubaliano. Walipoonyesha muhtasari wa kikao cha kata, aliwaambia si waraka wa leseni. Naye alikuwa sahihi.

Novemba 2024 ukafanyika uchaguzi wa serikali za mitaa. Wenyeviti wapya wa mitaa waliingia, na katika mtaa mmoja makabidhiano yalikuwa muhuri na daftari la wakazi tu. Mwenyekiti mpya alisikia habari za zamu kutoka kwa konda.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi kwa sababu kinaweza kuigwa kesho asubuhi bila shilingi ya mtu. Kuhesabu. Kabla ya madaftari, kila kikao kilikuwa cha tabia: madereva wakaidi, wananchi walalamishi, bajaji wachoyo. Baada ya madaftari kikao kikawa cha saa na idadi, na watu wakaacha kutukanana. Hesabu hiyohiyo iliyopanga zamu ndiyo iliyopata kalvati. Kata inayotaka ruti iende na daftari, na iende kabla bajeti haijafungwa.

Cha pili ni kumwita mwenye gari. Karibu kila operesheni ya kukatisha ruti ninayoifahamu inamalizana na dereva na konda. Wakati mtu anayeamua kama safari tupu inawezekana au haiwezekani ni yule anayepanga hesabu. Katika kisa hiki, zamu iliishi kwa muda ule tu ambao wenye gari walikubali kushusha hesabu, na ilipoanza kuyumba ni wao walioanza kuidai kamili.

Kukamata kulishindwa, na kutashindwa kwingine pia, pale ambapo ruti yenyewe haijilipi. Faini inaweza kumrudisha kwenye mstari dereva mwenye faida anayetaka faida zaidi. Haiwezi kuumba abiria wa saa sita mchana. Hapa kuna swali gumu ambalo kata haiwezi kulijibu peke yake: kama jamii inataka gari ifike mwisho mchana kwa ajili ya mgonjwa wa zahanati, nani alipe tofauti? Kwa sasa jibu ni dereva, naye anajibu kwa kugeuza njia panda. Mabasi ya ofisi yanaongeza ugumu huo. Yanawafaa watumishi, na sioni sababu ya kuwanyima, lakini yanaondoa kwenye ruti abiria wa uhakika ambao nauli zao za asubuhi zingebeba safari tupu za mchana.

Sasa niseme lile ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Kisa hiki kina ofisi tano na hakuna hata moja iliyovunja kazi yake. Mipango miji na viwanja ni vya halmashauri. Barabara ya ndani ni ya TARURA, na ile ya lami ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Leseni, ruti na nauli ni vya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Faini ni za trafiki, pamoja na maofisa wa leseni. Mtaa, ambao ndio wenye watu, hauna chochote kati ya hivyo.

Haikuwa hivyo siku zote Dodoma. Mpango kabambe wa kwanza, ule wa 1976 uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulibuni mji wa makazi yaliyounganishwa na njia za mabasi, mtu aweze kuishi bila gari, akitembea na kupanda basi. Mchoraji, mpimaji, mmiliki wa ardhi na mjenzi wa barabara alikuwa mmoja, CDA. Wapo wanaoikumbuka CDA kwa hamu kwa sababu hiyo, na siwashangai. Lakini pia nakumbuka kilichowachosha watu: hati za miaka 33 wakati miji mingine ilipata 99, bomoabomoa, na mamlaka ambayo diwani wako hakuwa na namna ya kuibana kwenye baraza. Kuivunja kulirudisha ardhi ya mji kwa chombo kilichochaguliwa. Hilo lilikuwa jambo la haki.

Tatizo ni kwamba mwaka uleule, 2017, halmashauri ilikabidhiwa upangaji wa ardhi na kuondolewa barabara. TARURA ilikuwa na sababu nzuri ya kuanzishwa: fedha za barabara zilitawanyika na ufundi ulikosekana katika halmashauri nyingi. Kila mageuzi kwa upande wake yalikuwa na hoja. Yakikutanishwa kwenye kata moja ya Dodoma, anayeuza kiwanja si anayejenga kivuko cha kukifikia, na wote wawili si wanaojua kama gari itapewa ruti. Wakati jiji linakua kwa kasi hii, pengo hilo linajazwa na watu wanaotembea.

Lile eneo la kituo lilipotea ndani ya pengo hilohilo. Uuzaji wa viwanja uliipa halmashauri mapato makubwa ya ndani katika miaka ya kuhamia, na mapato hayo yalijenga vitu vinavyoonekana. Kiwanja cha makazi kinalipiwa leo. Eneo la kituo cha daladala halilipiwi na mtu, halina wa kulidai, na ruti yenyewe haijaombwa. Ofisa akiletewa ombi la kubadili matumizi ya eneo tupu lisilo na mwenyewe, ni nani atakayesimama kulipinga? Shule ina mwalimu mkuu na zahanati ina mganga, nao watapiga kelele. Kituo cha daladala hakina mtu wa kukipigia kelele mpaka siku gari ya kwanza inapokosa pa kugeuza.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba kituo kinapochorwa kipewe mwenyewe siku hiyohiyo, naye awe mtaa. Mkutano mkuu wa mtaa ujulishwe bikoni, yaani alama za mipaka, ziko wapi, eneo liandikwe kwenye orodha ya mali za mtaa, na ombi lolote la kubadili matumizi yake lipitie kwenye mkutano huo kwanza. Kwa upande wa leseni, ruti mpya ya pembezoni ingepewa masharti ya saa: lazima mwisho wa ruti asubuhi na jioni, zamu mchana, yakiwa yameandikwa kwenye leseni yenyewe. Dereva anayefuata makubaliano asikamatwe, na anayeyavunja asipate pa kujificha. Na mwenyekiti wa mtaa anapokabidhi ofisi, makubaliano ya usafiri yakabidhiwe kwa maandishi pamoja na muhuri.

Mpango Kabambe wa Dodoma wa 2019 hadi 2039 na barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3 vitafungua kata nyingi zaidi za aina hii. Nyuma ya kata ya kisa hiki, baada ya mwisho wa ruti, upimaji mwingine umeshafanyika. Kamati ya kata iliomba mchoro wake kabla viwanja havijatangazwa. Kituo kimo, na barabara ya kukifikia imechorwa nyembamba mno kwa Hiace mbili kupishana. Diwani amewasilisha hoja kwenye baraza ili hifadhi ya barabara ipanuliwe, na mchoro umebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa, bikoni za kituo zikiwa zimezungushiwa kalamu nyekundu.